Tuchague nahodha kabla ya kuchagua chombo

Shule zinapokaribia kufungwa, chumba cha walimu hugeuka kuwa baraza. Mitihani huwa imekwisha kusahihishwa, chai huwa ya polepole, na mazungumzo yakahamia katika safari. Muhula uliopita mwalimu mwenzangu hapa Garissa, baba wa watoto wanne, alinijia na karatasi ya tangazo aliyoletewa na jamaa yake wa Nairobi. Ilikuwa na picha ya meli kubwa nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, na juu kabisa mabwawa ya kuogelea, kana kwamba bahari yenyewe haikutosha. "Mwalimu," akaniambia, "mimi na watu wa nyumbani kwangu tunataka kusafiri baharini, lakini hatupendi kuburutwa. Hatutaki kuambiwa saa ya kula, saa ya kutazama na saa ya kufurahi. Je, hii itatufaa?"

Nilimjibu papo hapo kwamba haitamfaa, kisha nikaona haya kwa jibu langu, maana sikuwa nimelifikiri. Swali lake ni zito kuliko linavyoonekana, na kwa kuwa najua wapo walimu na wazazi wengine wanaojiuliza vivyo hivyo likizo inapokaribia, nimeonelea nilijibu hapa kwa utulivu zaidi.

Nianze kwa kuitendea haki meli kubwa. Si chombo cha kudharauliwa. Katika miaka ya 1990 meli ya Royal Star ilikuwa ikiondoka Mombasa na kuwazungusha wageni katika visiwa vya bahari yetu. Baadaye maharamia wa pwani ya Somalia waliwatia hofu wenye meli za aina hiyo. Seabourn Spirit ilishambuliwa mwaka 2005, na MSC Melody mwaka 2009. Hofu ilipopungua meli zilirudi Kilindini, mojawapo ikiwa Norwegian Dawn, ambayo huweza kubeba abiria zaidi ya 2,000. Kwa mama aliyechoka kupika mwaka mzima, kwa mzee asiyeweza kupanda na kushuka vyombo vidogo, na kwa mtu anayetaka kulala Mombasa na kuamkia nchi nyingine bila kufunga mzigo wake, meli hiyo ni neema. Chakula kimelipiwa, kitanda ni kilekile, daktari yumo.

Lakini tazama jinsi inavyoendeshwa. Meli hutia nanga asubuhi, na kwa kawaida huondoka jioni au siku ya pili. Kati ya saa hizo abiria hupakiwa katika mabasi, kundi hili Fort Jesus, kundi hili mbugani, na wote hurudishwa kwa saa iliyoandikwa. Anayechelewa huachwa. Haiwezekani kuwa vinginevyo, kwani watu 2,000 hawawezi kila mmoja kuwa na ratiba yake. Kwa hiyo abiria wa meli kubwa ana uhuru mwingi ndani ya meli, ambako anaweza kuchagua kati ya meza kumi za chakula, na uhuru mdogo sana nje yake, katika nchi ambazo alisafiri ili azione. Ndiyo maana nilimwambia mwenzangu haitamfaa. Tena, kwa mtu wa Garissa kuna mambo ya ziada: nauli, pasipoti na viza za bandari mbalimbali, na maswali ya chakula cha halali na mahali pa kuswali, ambayo yafaa yaulizwe mapema na kujibiwa kwa maandishi.

Ingawa nimeisema hivyo meli kubwa, sidhani ukubwa ndio kosa. Nimewahi kuburutwa katika chombo kidogo sana.

Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka watu wangu pwani katika ziara iliyopangwa na wakala mmoja ambaye sitamtaja. Tulikuwa watu arobaini. Tulipakiwa katika mashua mbili, tukapelekwa kwenye miamba, tukaambiwa tutazame samaki kwa dakika ishirini, tukarudishwa. Binti yangu, wakati huo akiwa darasa la sita, aliona ufuoni mafundi wakitia kalafati jahazi lililopandishwa nchi kavu. Walikuwa wakishindilia pamba katika nyufa za mbao, mmoja akiimba. Mtoto akasimama. Alitaka kujua kwa nini pamba, ambayo hulowana, iweze kuzuia maji. Hilo ni swali ambalo mwalimu yeyote angefurahi kulisikia darasani. Kiongozi wetu akapuliza filimbi. "Ratiba hairuhusu," akasema. Tukaondoka, na baada ya hapo tukakaa muda mrefu ndani ya basi lililozimwa, tukimngoja dereva aliyekwenda kula. Shule zilipofunguliwa binti yangu aliandika insha kuhusu safari ya pwani. Karibu yote ilihusu basi.

Huenda msomaji akaona nalikuza jambo dogo. Pengine angekuwa na haki, kama tungekuwa tunazungumzia watu wa mahali pengine. Lakini sisi ni watu wa Kaskazini Mashariki, na kwetu suala la nani huamua safari ya nani lina historia yake. Kwa sheria ya mwaka 1902, ikafuatwa na nyingine ya mwaka 1934, wakoloni waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Desemba 1963, majuma machache tu baada ya uhuru, hali ya hatari ikatangazwa, na sheria zake hazikuondolewa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mama mkwe wangu, ambaye wajukuu humwita Ayeyo, alizaliwa katika nchi iliyofungwa. Baba yake alikuwa mfugaji, na anakumbuka jinsi mzee huyo alivyongojea ruhusa ya kuvuka Mto Tana. Hata leo utawasikia wazee wakimwambia anayevuka daraja la Garissa kuelekea magharibi kwamba anakwenda "Kenya". Watu wenye kumbukumbu hiyo wakisema hawapendi kuburutwa, wasidhaniwe kuwa ni wakaidi wa bure.

Ajabu ni kwamba bahari yenyewe haiko mbali nasi. Kaunti ya Garissa imepakana na ile ya Lamu. Mto unaopita chini ya daraja letu ndio unaoingia baharini Kipini, na mwaka 1891 meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia iliupanda mto huo kutoka pwani. Mwanafunzi wa Garissa huyajua maji hayo tangu utotoni, lakini aghalabu humaliza shule bila kuona yanakoishia. Ndiyo sababu, mwenzangu aliponiuliza ni safari gani basi ya majini ingemfaa, sikumtajia Zanzibar kwanza, ingawa boti ziendazo kasi kutoka Dar es Salaam hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi, wala sikumtajia Liemba ya Ziwa Tanganyika, meli kongwe iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ambayo ni hadithi ya siku nyingine. Nilimtajia Lamu.

Sisi tulikwenda mara ya pili bila wakala. Tulipita Hola na Garsen, tukashika njia ya Witu hadi Mokowe, tukavuka kwa mashua. Tulikuwa saba: mimi, mama watoto, watoto wetu wanne na Ayeyo. Asubuhi yake nilishuka gatini kutafuta chombo cha kukodi, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulipata katika tangazo lolote.

Walinijia watu watatu. Wa kwanza alikuwa kijana mchangamfu. Kila nilichouliza alijibu, "Yote yawezekana, mzee." Twaweza kwenda Takwa? Yawezekana. Na Pate siku hiyohiyo? Yawezekana. Na kurudi kabla ya adhuhuri? Yawezekana pia. Wa pili alitaja bei kabla ya salamu. Wa tatu alikuwa mtu wa makamo, mwenye mashua ya tanga iliyofungwa na mashine ndogo nyuma. Yeye ndiye aliyeniuliza mimi. Watoto ni wangapi, na mdogo ana umri gani? Nani anajua kuogelea? Bibi hutapika akiwa garini? Mna haja ya kurudi saa ngapi, na kwa sababu gani? Kisha akageuka akayatazama maji, akasema, "Takwa nitawapeleka. Pate kwa siku moja na bibi huyu, sitawapeleka. Tuondoke saa mbili, maji yakiwa yanajaa."

Nilimchukua huyo, ingawa bei yake haikuwa ya chini kabisa. Tulikodi chombo kizima badala ya kulipa kwa kichwa, na hiyo ni hatua ya kwanza kwa familia isiyotaka kuburutwa, kwani anayelipa kwa kichwa hungojea vichwa vingine vijazane, na vikishajazana huwa amekwisha kupoteza sauti. Tulipatana nusu ya malipo asubuhi na nusu tukirudi.

Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili katika kisiwa cha Manda, mji uliohamwa tangu karne ya 17. Njia yake ya maji ni mkono mwembamba wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa tu. Tulifika, tukaona msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta kaburi la nguzo lenye maandishi ya Kiarabu na tarehe ya Hijria. Watu wa Shela huja kuomba mvua penye kaburi hilo. Ayeyo hakusoma shule, lakini alihitimu chuoni, na herufi zile alizijua. Aliketi chini akawa anazifuata kwa kidole hewani, bila kuzigusa, huku wajukuu wakimwegemea pande zote mbili. Walikaa hapo saa nzima. Hakuna aliyepuliza filimbi. Nahodha alikuwa kivulini akitengeneza kamba.

Hapo tulikuwa tumeupata uhuru tuliokuja kuutafuta, na laiti ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya ratiba na filimbi. Lakini baadaye kidogo nahodha alikuja akasema, "Mwalimu, tuondoke." Mwanangu wa kiume, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa bado anapima kuta kwa hatua zake. Akapinga. Alisema tumelipa, chombo tumekikodi sisi, na tulikubaliana kuwa tutakaa tupendavyo. Kusema kweli nami nilikuwa upande wake. Nilikumbuka lile basi. Nahodha hakukasirika. Alisema, "Chombo ni chenu leo, kijana, lakini maji si yenu. Yanatoka."

Tuliondoka tukinung'unika. Tulipofika katikati ya mikoko maji yalikuwa yamepungua kiasi kwamba baharia alishika upondo na kutusukuma. Nyuma yetu kulikuwa na mashua nyingine ya wageni, na nilimtambua mwenyewe: yule kijana wa yote yawezekana. Walichelewa kidogo tu kuliko sisi. Chombo chao kilipwelewa katika tope, na tulipokuwa tukitokea mlangoni tuliwaona abiria wamesimama ndani yake, mikono viunoni, jua la adhuhuri juu yao, pamoja na watoto wadogo wawili. Hawakuwa katika hatari ya kufa. Walikuwa tu na saa nyingi za kungoja, kwa kuwa maji huchukua takriban saa sita kutoka na saa sita kurudi, na hayana wakala wa kulalamikiwa.

Wahenga walituachia methali mbili ambazo tangu siku hiyo sizitenganishi. Moja husema usisafirie nyota ya mwenzio. Mwalimu mwenzangu anapokataa kuburutwa huwa anaitii hiyo. Nyingine husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Familia yenye akili huru hupenda ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Kila mtu ndani yake amezoea kutoa rai. Mtoto hufundishwa aulize kwa nini. Baba huona fahari watoto wake wanapobisha kwa hoja. Ni malezi mema, nami ndivyo ninavyowalea wangu. Lakini baharini kuna maamuzi ya aina mbili, na lazima yagawanywe kabla ya kung'oa nanga. Wapi twende, tukatazame nini, tule nini, tukae kwa utulivu au kwa haraka, hayo ni ya familia. Upepo, maji, mzigo na saa ya kugeuka ni ya nahodha, na hapo hapigiwi kura. Nahodha wa kufaa familia kama hiyo ni yule anayesikiliza kwa makini katika yale ya kwanza na asiyetikisika katika yale ya pili. Mtu anayekubali kila kitu gatini nimemwogopa tangu hapo.

Naandika haya nikijua kwamba wazazi wengi wa Garissa wakisikia neno mashua hawawazi magofu ya Takwa. Huwaza Kona Punda. Aprili 2024, mafuriko yalipoikata barabara ya Madogo na mji wetu ukawa kama kisiwa, watu walivuka kwa mashua kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, na mashua moja ikapinduka, watu wakafa. Wakubwa zaidi humkumbuka Mtongwe, kivuko kilichozama Mombasa tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272, na MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria Mei 1996 na kuua mamia. Hata katika maji ya Lamu kwenyewe, Agosti 2017 mashua ilizama na kuwapoteza watu wengi wa ukoo mmoja waliokuwa safarini pamoja. Mzazi anayekataa kumpandisha mtoto wake chomboni kwa sababu hizo hana ujinga wowote. Ninachomwomba ni kwamba aigeuze hofu yake iwe maswali.

Aulize majaketi ya kuokolea maisha ni mangapi, na yapo ya saizi ya mtoto? Hili la saizi husahauliwa sana. Jaketi la mtu mzima likivalishwa mtoto wa miaka mitano huenda likaelea peke yake na kumwacha. Kisha yavaliwe, nimeona vyombo ambamo majaketi ni mito ya kukalia. Aulize chombo kimeruhusiwa watu wangapi, ahesabu kwa macho yake mwenyewe waliomo. Halmashauri ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini nchini, Kenya Maritime Authority, ipo tangu mwaka 2004, na ukaguzi wa vyombo vidogo ni sehemu ya kazi yake; kwa hiyo kumwomba nahodha aonyeshe cheti si kumtukana. Aliye nacho hukitoa kwa furaha. Mashine ikizima, lipo tanga au kafi? Je, kuna mtu nchi kavu anayejua tumekwenda wapi na tutarudi saa ngapi? Ukiuliza hayo na mtu akanuna, mshukuru na umwache.

Upo pia wakati wa mwaka, na hapa walimu tuna bahati mbaya kidogo, kwa sababu likizo zetu hupangwa Nairobi wala hazipangwi na pepo. Likizo ya Aprili huangukia mwanzo wa masika, kaskazi ikiwa imekufa na kusi inaanza, mvua na mawimbi pamoja; mimi singemshauri mtu achukue watoto baharini wakati huo. Agosti kusi bado ina nguvu, lakini katika maji yaliyokingwa na visiwa, kati ya Lamu na Manda kwa mfano, siku nyingi husafirika. Desemba ndiyo yenyewe. Kaskazi inavuma kwa upole, upepo uleule uliowaleta kwetu majahazi ya Arabuni na Ghuba karne nyingi kabla ya mashine. Mwalimu wa jiografia asiyeweza kupata somo la wiki nzima katika hayo, pamoja na kupwa na kujaa kunakochelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, basi amechoka.

Usalama wa aina nyingine hauna budi kutajwa. Septemba 2011 wageni walishambuliwa Kiwayu, na Oktoba mwaka huohuo Manda. Juni 2014 ilikuwa Mpeketoni. Sisi wenyewe tulizika wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa baada ya tarehe 2 Aprili 2015, siku walipouawa watu 148. Kwa miaka mingi mabasi ya Lamu yamekuwa yakisindikizwa na askari katika sehemu za msitu. Kwa hiyo familia huru isiwe familia isiyosikiliza habari. Kabla ya kuondoka ulizia hali ya barabara kwa madereva wa njia hiyo na kwa polisi, safiri mchana, na ukiwa Lamu usimshinikize nahodha akupeleke kaskazini ya mbali kuelekea Kiunga kwa sababu tu umesikia ni kuzuri. Ni kuzuri kweli. Kutangojea.

Halafu karatasi. Anayetoka kwetu anajua kwamba safari huanza kwenye kizuizi cha barabarani, ambapo basi zima huteremka na vitambulisho hutazamwa mbele na nyuma. Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi Wajir tangazo la kuondoa usaili wa ziada waliokuwa wakifanyiwa vijana wa kaunti za mpakani wanapoomba kitambulisho. Wanafunzi wangu wa zamani waliongojea miaka kabla ya kukipata walilipokea habari hilo kwa furaha iliyochanganyika na shaka, na nawaelewa. Lakini mpaka safari ziwe nyepesi kwetu kama zilivyo kwa mtu wa Nyeri, beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na kama mmoja wao ana urefu wa kupita umri wake, barua ya shule pia. Mwanangu yule aliyepima kuta za Takwa alishushwa mara mbili njiani kwa sababu ya kimo chake.

Nawageukia wakuu wa shule. Ziara zetu za wanafunzi zimeiga mabaya ya meli kubwa bila kuiga mazuri yake. Twajaza basi, twapita mahali sita kwa siku mbili, na watoto hurudi na picha za kila lango. Kwa nini tusiende mahali pamoja? Wanafunzi arobaini hawaingii katika mashua moja, na wasiingizwe. Wagawanywe wanane wanane, kila kundi na mwalimu wake, nahodha wake na swali lake walilolichagua wenyewe kabla ya kuondoka Garissa: hili likaulize juu ya mikoko, hili juu ya kalafati na pamba, hili juu ya kwa nini watu wa Takwa walihama. Wafanye hesabu ya nauli wenyewe. Wapatane na nahodha wenyewe, mwalimu akisikiliza kando. Najua jibu nitakalopewa, kwamba fedha hazitoshi. Lakini mashua tano za kutwa nzima hazilingani na gharama ya basi linalozunguka mkoa mzima likichoma mafuta.

Na kwa manahodha wa Lamu, iwapo gazeti hili litawafikia gatini: nunueni majaketi ya watoto. Familia za bara zinakuja, nasi tunauliza.

Mwalimu mwenzangu ameamua kwenda Desemba. Watakuwa sita, na mama yake mzazi akikubali, saba. Juzi nilipita kwake baada ya Isha nikakuta ubishi mkubwa sebuleni kuhusu mwezi. Kifungua mimba wake alikuwa akiwaeleza wadogo zake kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua huja, maji hujaa sana na hupwa sana, kwa hiyo siku za kwenda Takwa lazima zichaguliwe kwa kalenda. Mdogo wake alitaka kujua kama maji ya Tana hufika huko, na kama yakifika hubadilika ladha siku hiyohiyo au baadaye. Baba yao alikuwa kimya, akinywa chai. Ile karatasi ya tangazo ilikuwa mezani, picha ya meli imelazwa chini, na upande mweupe wa nyuma yake binti alikuwa amepiga mistari na kuandika, kwa siku kumi za kwanza za likizo, saa za maji kujaa.